Klachi ya Baba Mkwe

Gari ilikuwa ya baba mkwe wangu, na mimi sikuwa mtu wa kukalia kiti chake. Hilo lieleweke kwanza. Bila hilo hakuna atakayejua ni kwa nini tulishinda Jumapili nzima tukitoa upepo kwenye klachi na upepo hautoki.

Kwetu, mke wa mtoto hakalii kiti cha baba mkwe. Hampi mkono. Hali naye meza moja, hasogelei kitanda chake, na wakijikuta wote wawili ndani ya chumba kimoja, mmoja anatafuta sababu ya kutoka. Si uadui. Ni heshima, na mimi nililelewa nayo kama nilivyolelewa kunawa mikono. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Sisemi kitu. Nasema tu ya wakati wetu.

Ilikuwa ile miaka ya Emajensi, hali ya hatari ya serikali ya Wazungu, ikielekea mwisho. Tulikaa upande wa Njoro, kando ya barabara, kwenye kipande cha shamba la Mzungu. Baba mkwe alikuwa ameendesha gari ya Mzungu mwingine miaka mingi. Yule alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia pikapu yake, na kwa pikapu hiyo baba mkwe akapata kazi ya kubeba maziwa. Asubuhi anapita kwenye mashamba ya huko juu, anachukua mikebe, anaifikisha stesheni kabla ya treni, kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa kazi hiyo meneja wa shamba alitupa nyumba mbili za mabati, moja yake na moja yetu. Maziwa yakienda, tunakaa. Yasipoenda hata siku moja, nyumba anapewa mwingine atakayeyabeba. Meneja alisema hivyo tukiwa wote tumesimama mbele yake, na hakuwa mtu wa kurudia neno.

Mwanzo tulikuwa watatu. Baba mkwe anaendesha, bwana yangu anapakia mikebe, mimi naiosha na kupika. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Halafu bwana yangu akasikia kwamba Uganda kuna kazi ya mgodi. Akasema atakwenda, na mvua zikirudi na yeye atarudi. Mvua zilirudi. Mtu mmoja akatuambia alimwona Tororo. Mwingine akasema yule wa Tororo si yeye, ni mtu anayefanana naye.

Nikabaki mimi na mzee. Mtoto sikuwa naye bado. Hebu fikiri boma la watu wawili ambao hawawezi kukaa pamoja. Nikishapika, naweka sahani juu ya jiwe karibu na mlango wake, nakohoa, naondoka. Yeye akimaliza anairudisha juu ya jiwe, anakohoa, anaingia ndani. Kulikuwa na wiki ambazo sauti ya binadamu niliyoisikia zaidi ilikuwa kukohoa. Jioni nilisikia kiti chake kikilia akikaa, na najua yeye alisikia sufuria zangu. Alikuwa akijua niko, nami nilijua yuko. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu.

Kazi ya kupakia mikebe niliichukua mimi. Nilipanda nyuma, nikakaa katikati ya mikebe na gunia mabegani. Mbele kulikuwa na viti viwili, cha dereva, na cha kushoto ambacho kilikuwa kitupu. Mvua ikinyesha, kilikuwa kitupu. Asubuhi za Julai, baridi ya huko juu ikikata masikio, kilikuwa kitupu. Kilikuwa kiti cha bwana yangu. Mzee alikipangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kabla hajapiga hendeli kuwasha gari. Cha kwake hakukipangusa.

Basi unaona ni kwa nini nyumba ile ilikuwa kila kitu kwangu. Kule kwao magharibi mzee hakuwa na shamba tena, ndugu zake walikuwa wamelilima mpaka likawa lao. Angekwenda kukaa kwa dada yake kama mgeni. Na mimi, mwanamke asiye na mtoto, ambaye bwana yake hajulikani aliko, ndugu zangu wangekuja kunichukua. Walikuwa wameshaanza kuuliza. Mwanamke akishachukuliwa na ndugu zake, ndoa imekwisha, na bwana yangu akirudi angekuta watu wengine mlangoni. Mimi nilitaka anikute mimi.

Jumamosi moja mzee alirudi kutoka stesheni na gari ikilia kwenye gia. Nilisikia nikiwa nimekaa nyuma. Kila akibadilisha, krrr. Tulipofika nyumbani alilala chini akaangalia, na akaanza kusema na gari.

Hiyo ilikuwa njia yake. Tangu mwanawe aondoke, mzee alikuwa akisema na gari, na kuku, na mlango. Mwanzo nilidhani ni uzee. Baadaye nikaelewa kwamba anasema nami.

"Gari," akasema, "raba yako ya chini imekufa. Oili yote imemwagika. Na ni vizuri nilinunua raba nyingine kwa Mhindi, Nakuru, siku ile. Nitaiweka leo. Kutoa upepo ni kesho, kwa sababu kunataka watu wawili."

Mimi nilikuwa nikichambua mchele karibu na mlango. Mkono wangu ukasimama.

Klachi ya gari ile haikuwa ya kuvutwa na waya. Ilikuwa ya oili. Ukikanyaga pedali, pampu ya juu inasukuma oili ndani ya bomba jembamba mpaka kwenye pampu ndogo iliyo chini, na hiyo ya chini ndiyo inayosukuma klachi. Ukifungua, upepo unaingia ndani ya bomba. Na upepo ukiwa ndani, hata ukanyage na miguu miwili, unakanyaga upepo tu. Ili utoke, mtu mmoja anakaa juu akanyage na kushikilia, na mwingine analala chini, analegeza skrubu ndogo, oili inatoka na mapovu, anaikaza, ndipo wa juu aachie. Hapo ndipo penye kazi yote. Wa juu akiachia kabla skrubu haijakazwa, gari inavuta upepo mwingine kutoka nje, kama mtoto anayenyonya chupa tupu.

Siku zote aliyekuwa akikanyaga ni bwana yangu.

Asubuhi ya Jumapili mzee alikuwa ameinua gari mbele kwa magogo. Akasimama akitazama upande wa mlima, akasema, "Watu wa jikoni wakipata nafasi, wangesaidia kukanyaga."

Watu wa jikoni nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa shida. Mimi nimkalie kiti chake, na yeye alale chini yangu? Hata kufikiri nilisikia aibu. Yeye pia alikuwa ameshafikiri. Alitundika gunia mlangoni mwa gari, likashuka mpaka chini, ili yeye asione miguu yangu wala mimi nisimwone. Na mimi sikupanda. Nilisimama nje, nikashika usukani kwa mkono mmoja, nikaingiza mguu nyuma ya gunia, nikaunyosha mpaka pedali. Nilikuwa nimesimama kama korongo. Pedali niliigusa kwa vidole, nikaisukuma, lakini mpaka mwisho haikufika. Sikumwambia. Ningemwambiaje?

"Mguu ungeshuka," ikasema sauti chini.

Nikasukuma.

"Sasa, ikiwa huko juu hakuna shida, mguu ungeweza kupumzika, ila isiwe kabla ya skrubu hii nayo…"

Niliposikia kupumzika, nilipumzika. Mguu ulikuwa unatetemeka. Chini nikasikia fyuuu, kama mtu anavuta chai ya moto.

"Mguu ungeshuka tena," akasema.

Tulikwenda hivyo mpaka chupa ya oili ikafika nusu. Akatoka, akaondoa gunia, akasubiri mimi nisogee hadi jikoni, ndipo akakaa kwenye kiti chake akakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini kama imekanyaga uji. Akapiga hendeli, gari ikawaka, akajaribu kuingiza gia. Krrr. Akazima.

Hapo ndipo alipofika kijana mmoja mwenye lori. Alikuwa jirani, lori lake la kubeba kuni na mawe, na alikuwa ametoka kanisani, shati jeupe, kiatu kinang'aa. Akasimamisha lori barabarani bila kuzima.

"Mzee! Unalalia gari kama kuku analalia mayai. Utaangua lini?"

"Pita, kijana."

"Napita. Na kesho napita tena, na mikebe. Meneja aliniuliza jana kama lori langu lina nafasi."

Mzee aliinama akapangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Nimemwambia lina nafasi ya mikebe yote," kijana akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Na ya mama huyu pia. Kwangu atakaa mbele, kwenye kiti, kama mtu."

"Mimi nina kiti changu," nikamwambia.

"Kiko wapi? Huko nyuma na maziwa?"

"Kiko mahali ambapo wewe hutakikalia. Nenda, chakula chako kinapoa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama ana mdomo! Mzee, kama kesho jua likitoka hamjasikika barabarani, mimi naingia. Nisilaumiwe." Akaondoka, vumbi likatufunika sisi na gari na nguo nilizokuwa nimeanika.

Nilitazama mzee atafanya nini. Alikaa juu ya gogo muda, mgongo kwangu. Halafu akaanza tena kusema na gari, polepole, kama mtu anayepanga kuni.

"Labda unavuja," akaiambia. Akatandika gazeti kuukuu chini ya ile pampu ndogo, akapanda, akakanyaga, akakanyaga. Akashuka akaangalia gazeti. "Huvuji. Kumekauka." Akafungua kikopo cha oili cha juu akachungulia. "Haijapungua." Akapanda tena akakanyaga na kushikilia, nami nilimwona midomo ikisogea, anahesabu au anaomba, sijui. "Pedali haizami nikiishikilia. Basi raba ya juu ni nzima." Halafu akapiga pedali harakaharaka, mara nyingi, na nikaona mguu wake unakutana na kitu kigumu. Akangoja, akakanyaga mara moja, ukazama tena. Akatikisa kichwa. "Ukipigwapigwa unakaza. Ukiachwa unalegea. Ni upepo. Tumetoa upepo asubuhi yote, na bado ni upepo. Sasa huo upepo unaingilia wapi?"

Mimi nilijua unaingilia wapi. Nilikuwa nimesikia ile fyuuu.

Ndiyo, ungeweza kuuliza, si tungemwita mtu? Wanaume wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, Jumapili, walikuwa kanisani au kwenye pombe, na habari ikifika huko imefika kwa yule kijana na kwa meneja. Mzee hakutaka watu waje kusimama wakitazama. Gereji Nakuru zilikuwa zimefungwa, na gari ambayo haiingii gia haiendi gereji. Halafu siku zile hukutembea tu unavyotaka. Jioni ikiingia, kila mtu anatakiwa kuwa kwake.

Alipita mtu mmoja, mke wa mchunga ng'ombe, jirani yetu wa upande wa chini. Wao ni watu wa desturi nyingine kabisa. Alikuwa na mzigo wa kuni, akautua ili atazame vizuri. Tulikuwa tumeanza kutoa upepo mara ya pili, na mimi nimesimama vilevile, mguu ndani, mwili nje.

"Ikiwa mguu umefika," ikasema sauti ya mzee, "na ikiwa haujachoka sana, ungengoja pale ulipo, maana hapa chini kuna kidogo cha kufanya, na kikishafanyika…"

"Dada," akaninong'oneza yule mwanamke, "huyo mzee anaongea na nani?"

"Anaongea na gari."

"Na gari inajibu?"

"Inajibu kwa mguu wangu."

Akaziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. "Kwa nini asiseme tu kanyaga?"

"Kwa sababu mimi ni mke wa mwanawe."

"Na kwa nini usikae kwenye kiti?"

"Kwa sababu hiyo hiyo."

Akanitazama juu mpaka chini. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Basi mtahama," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nikamwomba aingie yeye akanyage. Akarudi nyuma. "Mimi? Nivunje gari ya watu? Bwana yangu atanivunja mimi." Akajitwika kuni zake akaenda. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na nikatamani angekaa tu pale akicheka. Boma lilikuwa kimya tena, isipokuwa ile sauti chini ya gari.

"…ndipo sasa mguu ungeruhusiwa, ikiwa…"

Fyuuu.

Basi nilichoka. Nilitazama zile nyumba mbili, moshi ukitoka kwenye moja tu. Nikatazama barabara, upande ambao mtu akitoka Uganda angetokea. Na sauti ikanitoka yenyewe.

"Baba! Sema kanyaga! Sema achia! Maneno mengine yote upepo unaingia humo!"

Kuku walikimbia. Nilikuwa nimempigia kelele baba mkwe, mchana, akiwa amelala miguuni pangu. Mama yangu angesikia angekaa chini akalia. Lakini sikuomba radhi, na mpaka leo nikifikiri sioni ningeomba ya nini. Nilisema kweli.

Nikasogea hadi mlango wa jikoni, nikasubiri anifukuze.

Alitoka taratibu, akajipangusa magoti. Hakutazama upande wangu. Akatafuta spana nyingine kwenye boksi, akaingia ndani ya gari, nikasikia anafungua nati. Moja ilikuwa imeshika kutu, akaipiga na nyundo. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kufikiri mtu angefanya. Alikitoa kiti chake, kiti chote, na miguu yake ya chuma, akakibeba kifuani kama mbuzi mgonjwa, akakiweka kwenye nyasi chini ya waya wa nguo. Ndani ya gari, pale mahali pa dereva, pakabaki bati tupu.

"Pale sasa hapana kiti cha mtu," akaiambia gari. "Ni bati kama la nyuma, ambako watu wa jikoni wanakaa kila siku. Watu wa jikoni wana kigoda chao."

Nikaleta kigoda changu cha jikoni. Kilikuwa kifupi sana, pedali ikawa juu kuliko magoti. Nikakirudisha, nikaleta debe tupu la unga wa posho, nikaliweka kichwa chini, likatosha. Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya gari ile mbele. Niliona barabara kupitia kioo, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa karibu. Nikaweka mgongo kwenye ukuta wa nyuma, nikakanyaga, na pedali ikaenda mpaka mwisho kabisa.

Gunia alilirudisha mahali pake. Akalala chini. Nikangoja aseme. Hakusema. Badala yake nikasikia spana ikigonga chuma, ngo. Mara moja.

Nikakanyaga, nikashikilia. Nikafikiri, yeye atajuaje nimefika? Nikachukua kijiko kilichokuwa kwenye mfuko wa aproni, nikagonga bati la mlango. Ngo.

Nikasikia oili ikitoka, na mapovu yake, kama uji unaoanza kuchemka. Sikuachia. Mguu haukutetemeka sasa. Skrubu ikakazwa, nikaisikia ikilia kidogo. Ndipo spana ikagonga, ngo, ngo. Mara mbili. Nikaachia.

Ngo, akasema. Ngo, nikajibu. Ngo, ngo, akasema.

Hakukuwa na neno hata moja, na sijawahi kuongea na mtu vizuri hivyo tangu bwana yangu alipoondoka. Kila nikigonga alinijibu. Mara moja alikawia, nikashtuka, nikafikiri ameumia, nikagonga tena bila kuulizwa, na yeye akanigongea taratibu kunituliza. Alikuwa anaongeza oili tu kwenye chupa. Huko nje jua lilikuwa linashuka upande wa milima ya Mau, na upepo wa ziwa la Nakuru ulikuwa umeleta lile vumbi lake jeupe la magadi, linakaa kwenye midomo. Na pedali, kila nikiikanyaga, ilikuwa inapanda kidogo kukutana nami.

Nilijua kabla yeye hajajua. Mguu ulijua. Uji ulikuwa umekwisha mle ndani, sasa ulikuwa ubao.

Aligonga mara nyingi mfululizo, hatukuwa tumepatana maana yake, lakini nilielewa. Nikashuka na debe langu. Yeye akarudisha kiti chake, akakaza nati, akaiteremsha gari kutoka kwenye magogo. Nilikwenda jikoni nikapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Nikasikia hendeli, nikasikia injini, halafu nikasubiri ile krrr. Haikuja. Gari iliingia gia kimya, ikaenda mpaka barabarani, ikageuka, ikarudi. Akaijaribu kwenda nyuma. Kimya vilevile.

Jioni hiyo niliweka sahani juu ya jiwe. Badala ya kukohoa, niligonga sahani kwa kijiko mara moja nikaondoka. Nilikuwa sijafika mlangoni niliposikia, kutoka ndani ya nyumba yake, kitu kikigongwa kwenye mguu wa kiti. Mara moja.

Asubuhi ya Jumatatu tulitoka bado giza halijaondoka vizuri. Tulipofika kona ya shamba la pili, lori la yule kijana lilikuwa limesimama kando, injini inawaka, anasubiri kuona. Mzee hakupiga honi wala hakugeuza kichwa. Mimi nilikuwa nyuma, gunia mabegani, mikebe ikigongana. Kijana akaniinulia mkono, na safari hii hakutania. Kupitia kioo kidogo cha dirisha lililo nyuma ya viti niliona kofia ya mzee upande wa kulia. Upande wa kushoto niliona barabara tu, kwa sababu hakukuwa na kichwa cha kuizuia.

Nyumba tulibaki nayo. Ndugu zangu walikuja, wakaniuliza, nikawaambia niko kwa bwana yangu, wakala, wakaenda. Sijui ni mara ngapi nilitazama barabara ile. Lori likisimama, nilitoka. Mtu akitembea na begi, nilitoka. Niliacha kutoka polepole sana, hata sikumbuki siku niliyoacha.

Mzee na mimi hatukuwahi kukaa meza moja. Hatukuanza mazungumzo, asije mtu akafikiri klachi ilitubadilisha. Tuligongeana tu. Asubuhi mara moja kuniambia yuko tayari, jioni mara moja kumwambia chakula kiko nje. Alipozeeka zaidi, macho yakawa hayamruhusu kuendesha, akasema na kuku kwamba gari itauzwa.

Mnunuzi alitoka Nakuru, mtu mnene, alikagua kila kitu. Akapiga magurudumu teke, akafungua boneti, akakanyaga klachi. "Hii klachi ni nzuri," akasema. "Nani aliitengeneza?"

"Ilitengenezwa hapa nyumbani," mzee akajibu.

Yule mtu akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akabonyeza kiti kwa ngumi. Kiti cha dereva kilikuwa kimekwisha, springi zinatoka nje, kimefunikwa gunia. Cha kushoto kilimrudishia ngumi yake.

"Hiki ni kama kimetoka dukani," akasema. "Gari imefanya kazi miaka yote hii, hakuna mtu amekaa hapa?"

Mzee aligeuka akatazama barabara. Basi nikajibu mimi.

"Kina mwenyewe," nikamwambia. "Wewe kikalie tu."